Kwa Nini Simu Yetu Haikufika Nakuru

Basi si mashine, Nanjala. Asubuhi ulipobeba kikapu kwenda Butali kumuaga nyanya yako, kukhu, ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, sasa tutaandikiana vipi na kompyuta imekufa?" Nikajifanya nasugua sufuria. Sufuria ilikuwa safi. Mashine ni nzima, waya ni mzima, na mume wangu, ambaye umekuwa ukimtupia maneno siku hizi tisa, hana kosa hata moja. Kosa liko kwangu. Nimelijua tangu siku ya nne, na nimenyamaza.

Sasa ni saa nane mchana. Nimeketi mezani, nimesimama, nimeenda dirishani kuona kama unakuja ilhali najua utarudi jioni, nimeketi tena. Chai imepoa mara mbili. Kesho unaondoka kwenda chuo, na haya nikiyasema kwa mdomo nitayapinda. Najijua. Nikikutazama usoni nitaanza kutafuta maneno ya kujiokoa. Kwa kalamu nitajaribu kuyanyoosha.

Kuhusu blanketi, sabuni na jinsi ya kufunga sanduku, sisemi kitu. Umenisikia mwezi mzima mpaka umeanza kunimalizia sentensi.

Niache nianze na Isaya, hata kama utakunja uso. Nina miaka arobaini na mmoja, nimeolewa miezi mitatu, na bado nikisikia baiskeli yake ikigonga lango nashika nywele zangu kama msichana wa kidato cha pili. Sikujua kwamba mwili wa mtu mzima unaweza kufurahi hivi. Anarudi kutoka msituni Isecheno amechoka, ameshinda akiandika majina ya vipepeo na kuhesabu miti iliyoanguka, na kitu cha kwanza anachouliza ni, "Mrembo, leo ulicheka?" Nanjala, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nilicheka. Waliniuliza kama chakula kiko tayari. Nafua mashati yake nikiimba, nawe unaziba masikio. Ziba tu. Sitaacha.

Unakumbuka ile Jumapili ya kwanza alipokula nasi? Nilipika ingokho, kuku wetu wa kienyeji, nikamwekea firigisi kwenye sahani yake kama inavyompasa mwanamume wa nyumba. Akaichukua kwa kijiko, akaiweka kwako.

"Mwenye nyumba ni huyu," akasema. "Mimi nimekuja juzi."

Nawe ukairudisha. "Mgeni ale kwanza, Bwana Isaya. Asije akatangaza huko msituni kwamba hapa Amalemba tulimnyima."

Alicheka mpaka akakohoa. Wewe hukucheka. Nilijua usiku huo kwamba humkatai yeye. Unamlindia mtu mwingine kiti. Nami ndimi pekee katika nyumba hii niliyejua kwa nini mtu huyo haji kukikalia.

Kwenye harusi yetu watu walileta sufuria na mablanketi. Isaya akaleta ile kompyuta aliyoachiwa na mtafiti mmoja Mzungu aliyemaliza kazi yake msituni, pamoja na kile kisanduku cheusi chenye vitaa vidogo, modemu. "Hii itaingia kwa simu," akaniambia, "itapigia kampuni ya intaneti kule Kisumu, na Nanjala akiwa chuoni mtaandikiana kila siku. Sitaki upate ile homa ya kungoja barua." Nililia mbele ya wageni. Watu wakadhani ni furaha ya bibi harusi, na ilikuwa furaha, lakini chini ya furaha kitu kilinigusa mgongoni kama tone la maji baridi, nami sikukiuliza jina. Nilikuwa nimesahau kweli, Nanjala? Nimejiuliza hivyo tangu siku ya nne. Nadhani nilikuwa nimejifunza kusahau.

Hizo siku tisa uliziona, lakini uliziona ukiwa na hasira, kwa hiyo niache nikuonyeshe nilivyoziona mimi.

Siku ya kwanza alisema panya wameng'ata waya. Akaleta waya mwingine. Modemu ikapumua, ikatoa mlio wa laini, ikapiga namba, halafu kimya. Siku ya pili akagundua kwamba mtambo wa simu wa hapa kwetu ni wa zamani, hauelewi zile namba zinazoimba, unataka zile zinazogonga tak-tak-tak kama simu ya kuzungusha. Akabadilisha. Siku ya tatu, tak-tak-tak, vizuri kabisa, kisha tii-tii-tii. Wewe ulikuwa umelala kwenye kochi na gazeti usoni. Ukasema, "Mzungu alijua imekufa ndiyo maana akaiacha."

"Inawezekana," Isaya akasema kutoka chini ya meza. "Lakini tuiulize kwanza kabla hatujaizika."

Akaiagiza ipige simu ya karibu, kwa mama mchungaji, mita mia mbili kutoka hapa. Ikapiga. Ikaingia! Mama mchungaji akainua simu, na modemu ikampigia ule ukelele wake sikioni. Tukamsikia kupitia kile kispika kidogo: "Haleluya! Ni nani huyo analialia kwa simu yangu? Shindwa! Shindwa!" Nawe, ambaye ulikuwa umeapa kutocheka, ulianguka kutoka kwenye kochi. Nilifurahi hata nikamkumbatia Isaya hapo hapo mbele yako, naomba radhi. Dakika tano baadaye mama mchungaji akatupigia. "Mama Nanjala, simu yenyu iko sawa? Yangu imeingiliwa. Leo tuko na maombi saa kumi, mje." Nilimwambia tutakuja. Hatukwenda.

Furaha yangu iliishia hapo. Isaya alikaa kitako sakafuni akaanza kufikiri kwa sauti, kama afanyavyo. Mashine inapiga simu ya karibu na inaingia. Kwa hiyo mashine ni nzima, na laini ni nzima. Kesho yake kazini aliwapigia wale wa Kisumu kwa simu ya ofisi. Wakamwambia upande wao hauna tatizo, jina letu wanalo, neno la siri ni sahihi. Basi jioni ya siku ya nne akaacha kompyuta, akachukua simu yenyewe, akapiga Kisumu kwa mkono. Akasikiliza. Akapiga tena.

"Ajabu," akasema. "Inakata kabla sijamaliza hata namba. Nikishapiga zile za kutoka nje ya mji tu, tii-tii-tii. Ni kama kuna mlango mahali fulani, na mlango umefungwa."

Nilikuwa jikoni nikisonga obusuma, ugali wa jioni. Nikasikia wewe ukimjibu. Sauti yako haikuwa na kisirani hata kidogo, ndiyo maana iliniuma hivyo.

"Hata kwa baba ilikuwanga hivyo hivyo," ukasema. "Tii-tii-tii. Nilipiga mpaka nikachoka. Nilidhani alibadilisha simu asinipe."

Mwiko ulinianguka. Isaya akageuka akanitazama, si kwa shaka, alidhani nimeungua. Nami nikasema nini? Nikasema, "Laini za Nakuru ni mbovu tangu zamani." Nikainama nikaokota mwiko. Ulinisikia ukaamini, kwa sababu mimi ni mama yako. Isaya naye akaamini, siku zilizofuata akarudi kwenye waya na soketi.

Laini za Nakuru hazikuwa mbovu. Mlango nilifunga mimi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Babako alikuwa ameshahamia Nakuru, ameshaanza nyumba nyingine, nami nilikuwa nimebaki na cherehani yangu, na wewe, na simu aliyoiingiza yeye mwenyewe wakati wa kazi yake ya miwa. Kila Jumapili baada ya kanisa ulikuwa unampigia. Nilikuwa nashona sare hapo dirishani nikijifanya sisikilizi. Ulikuwa na kicheko ambacho hukunipa mimi. Kicheko kikubwa, cha kurudisha kichwa nyuma. Mimi niliyekulisha, niliyekupeleka hospitalini usiku na homa, nilikuwa napata "ndiyo mama" na "hapana mama", na yeye aliyeondoka anapata kicheko. Jumapili moja nikakusikia ukimwuliza, "Baba, naweza kuja kukaa na wewe likizo yote?" Ukasubiri jibu huku ukijizungushia waya wa simu kidoleni.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya simu. Nikamwambia karani nataka simu yangu isitoke nje ya mji.

"Unafunga za mbali tu ama zote, mama?"

"Za mbali tu."

"Watoto wanasumbuanga, eeh?"

"Eeh," nikasema. "Wanasumbua."

Nikatia sahihi. Ilichukua muda mfupi kuliko kununua nyanya. Tangu siku hiyo, kila nilipotaka kuongea na mjomba wako kule Mombasa nilikwenda kwenye kibanda cha posta, na nilikuambia ni kwa sababu ya bili. Jumapili iliyofuata ukapiga, ukasikia tii-tii-tii. Ukapiga tena. Nilishona mstari mmoja wa pindo mara tatu, nikaufumua mara tatu. Nilitaka kusimama nikakuambie. Nikajiambia, Jumapili ijayo. Nilisema hivyo Jumapili nyingi, mpaka wewe ukaacha kupiga, na nyumba ikatulia, nami nikaita utulivu ule amani.

Na hilo si baya zaidi. Laini ilifungwa kutoka, haikufungwa kuingia. Babako alipiga. Kufikia hapo ulikuwa umeshaenda shule ya bweni, na yeye hakuwa na kawaida ya kuuliza tarehe za likizo. Mara ya kwanza nikamwambia nitakuambia. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alikuwa na sauti ya mtu aliyejizuia siku nyingi. Akasema, "Kwani mtoto hawezi kunipigia hata mara moja?"

Nami nikamjibu, maneno haya haya: "Simu iko hapa mezani. Akitaka, atapiga."

Hakupiga tena.

Nimeandika mistari hiyo nikainuka, nikatoka hadi kwenye lango nikarudi. Sasa naendelea.

Ningependa kukuambia kwamba ninatubu kwa sababu ya moyo safi. Ukweli ni kwamba chuo ulichopata kiko Nakuru. Uliporuka ruka na ile barua ya kuitwa chuoni, nami nikaruka nawe, nilikuwa tayari nahesabu: wiki ya kwanza atatulia, ya pili atamtafuta, ya tatu watakaa mahali wanywe soda, na babake atamwambia, "Nilipiga, mamako akasema..." Kwa hiyo woga umenisukuma. Lakini si woga peke yake. Ni yule mtu aliyekuwa chini ya meza na tochi.

Siwezi kukueleza vizuri jinsi ilivyo kumtazama mtu unayempenda akitafuta kosa lako bila kujua ni lako. Hakupiga kompyuta kofi hata siku moja. Hakusema mjinga ni nani. Anabadilisha kitu kimoja, anajaribu, anaandika kwenye kile kidaftari chake cha vipepeo, kisha anabadilisha kingine. Nilimwuliza kwa nini asibadilishe vyote kwa pamoja tumalize haraka. Akasema, "Nikibadilisha vyote ikapona, sitajua ilikuwa inaugua nini." Nikakumbuka ndoa yangu na babako. Kila tulipogombana mimi nilibadilisha vyote: nilihamisha kitanda, nilinyamaza wiki, nilienda kwa mama, nilirudi na mapazia mapya. Sikuwahi kuuliza swali moja nikangoja jibu lake. Sisemi babako hana makosa. Anayo yake, na ni yeye wa kukusimulia. Nasema tu kwamba mimi sikujua tulikuwa tunaugua nini, na alipoondoka niliipitisha hasira kwenye kitu kilichokuwa karibu nami, na kilichokuwa karibu ni simu yako.

Utapenda mtu siku moja, Nanjala, labda umeshapenda na unanificha. Sina la kukuagiza. Mimi mwenyewe najifunza juzi juzi. Nilichojifunza ni kwamba upendo wenye mlango wa kufunga kutoka nje umenichosha. Nilikuwa nalinda mlango miaka minne, na mlinzi halali. Isaya akitoka asubuhi sijui kama atarudi, hakuna kinachomlazimisha. Akirudi, mbona nisiimbe?

Asubuhi hii ulipoondoka tu, alirudi tena chini ya meza. Alikuwa ameomba ruhusa kazini ili akutengenezee kabla hujaenda. Nikaona soksi zake, moja ina tundu kisiginoni.

"Isaya, toka huko."

"Dakika moja, mrembo. Nataka kuangalia hii soketi."

"Toka. Si soketi."

Nilimwambia yote, nimesimama, nimeshika kiti. Hata siku ya harusi sikuogopa hivyo. Nilidhani, sasa amemwona mwanamke aliyemwoa. Alisikiliza huku akifuta vumbi kwenye magoti. Kisha akauliza swali moja.

"Nanjala anajua?"

"Hapana."

"Basi umeniambia mimi kabla yake. Hapo umenitanguliza mahali si pangu." Akachukua kofia. "Twende tufungue."

Hakunishika mkono njiani, na kwa kawaida hunishika, hata watu wakitutazama. Alikaa nje ya ofisi. Ndani nilimkuta karani kijana. Akafungua faili, akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni, "Mama, lakini hii ilifungwa na wewe mwenyewe!"

"Ndiyo."

"Sasa watoto wameacha kusumbua?"

"Waliacha," nikasema. "Ndilo tatizo."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa, akagonga muhuri. Nilipotoka, Isaya alinishika mkono.

Saa sita na nusu akajaribu Kisumu kwa mkono. Namba zikapita zote. Ikaita. Kisha ukasikika ule ukelele wa mashine yao, ule ule uliomfanya mama mchungaji akemee, na uso wake ukawaka kama wa mtoto. Akakata simu, akauinua ule waya wa modemu auchomeke. Mkono ukasimama hewani. Akauweka waya chini, akairudisha simu yako ya kawaida.

"Kompyuta ingoje," akasema. "Laini hii ilifungiwa mtoto. Wa kwanza kuitumia ni yeye."

Kwa hiyo utakapofika hutakuta barua pepe wala intaneti. Utakuta simu imewekwa kwenye stuli karibu na kochi, na namba ya babako nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Ni ile ile unayoijua kichwani, hakuibadilisha kamwe. Jumapili huwa nyumbani jioni, na leo ni Jumatatu, lakini jaribu. Mimi na Isaya tutakuwa kwa mama mchungaji mpaka saa mbili. Zungumza unavyotaka, hata kama ni kunisema. Usipunguze sauti. Ukicheka kile kicheko, kicheke chote.

Mwambie nilichomjibu ile mara ya tatu. Au uniachie nimwambie mwenyewe, nitamwambia. Na Isaya usimwombe radhi kwa sababu nimesema. Mwombe ukiona inafaa, au umtanie tu kama kawaida. Anapenda.

Huenda kesho asubuhi usitake nikubebee sanduku. Nitaliweka mlangoni, nisimame kando. Sitakuuliza kama umenisamehe, wala sitasimama kwenye foleni yoyote kujaribu kukuzuia. Lakini mimi si mtu wa kukaa, unanijua, na sitaweza kusikia sauti yako kwenye waya tu nikaridhika. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Nakuru. Nitakuja peke yangu, nitaketi kwenye benchi la wageni langoni mwa chuo chenu kuanzia asubuhi, na utoke ukiwa umekasirika au utoke ukiwa na babako, nitakuwa hapo.